Pete ya Kusini katika Nuskha Mbili
Picha mbili za NGC 3132 zilizotolewa tarehe 12 Julai 2022 kutoka darubini ya anga ya James Webb zinastahili kusomwa pamoja, kama nuskha mbili za utenzi mmoja. Nebula-sayari hii, iitwayo Pete ya Kusini, ilipigwa picha kwanza kwa infraredi ya karibu, kisha kwa infraredi ya kati; kinachosimuliwa ni kilekile, ila msimulizi amebadili mkazo.

Katika nuskha ya kwanza jicho huvutwa na nyota angavu ya katikati, na msomaji mwepesi huamini kwamba ndiyo iliyomwaga gesi yote ile. Kumbe chini yake, upande wa kushoto, karibu imezwe na mmojawapo wa miali ya jirani yake, ipo nukta hafifu: hiyo ndiyo nyota inayokufa, iliyojivua matabaka yake kwa maelfu ya miaka. Nuskha ya pili huivika nukta hiyo wekundu, kwa sababu vumbi lililoizingira, ambalo huziba mwanga wa kawaida, lina joto linalong'aa katika infraredi ya kati. Pazia lenyewe limegeuka ushahidi, na sioni mpangilio wa kisanaa unaoshinda huo.

Rangi nazo zadai uangalifu, maana jicho la binadamu halioni infraredi, na kila rangi hapa imeteuliwa na wahariri. Buluu ya nuskha ya kwanza ni gesi yenye joto kali. Buluu ya pili ni haidrokaboni, zikifuata michoro ileile ambayo awali ilikuwa na rangi ya chungwa. Anayelinganisha rangi kwa rangi ataona urari usiokuwapo.

Pete za gesi za nebula hii pia zimevunjika na kukatana. Mwaka huohuo wa 2022 mwanaastronomia Orsola De Marco na wenzake walizieleza hitilafu hizo kwa kuwapo nyota nyingine zaidi ya mbili tunazoziona, kwa hiyo palipoharibika umbo ndipo palipojaa maana.

Naipa nuskha ya pili daraja la juu, ingawa ya kwanza inapendeza zaidi. Mwalimu wa Handeni au Korogwe, Tanzania, na aanze na hiyo ya pili. Kisha, usiku wa saa tatu mwanzoni mwa Aprili, mawingu ya masika yakipisha, awaelekeze wanafunzi wake kusini kwa darubini ndogo, nyuzi 55 hivi juu ya upeo. Huko London, nebula hii haichomozi kamwe.