Tumbo la Jahazi

Jahazi la pwani ya Afrika Mashariki lina sitaha fupi, kipande omo, yaani mbele, na kipande tezi, nyuma. Katikati ni wazi, na hapo ndipo shehena hushushwa, ikafunikwa kwa mikeka au turubali. Chini kabisa, baina ya mataruma, mbavu za chombo, ni ngama, yanakokusanyika maji yapenyayo kwenye viungo vya mbao. Chini ya sitaha ya tezi ni feuli, ghala dogo la nahodha.

Feuli huweka vitu visivyovumilia maji: dira, hati za mzigo, mchele, kahawa, pamba ya kalafati. Baharia mzoefu hutia mkono gizani akatoa sindano ya tanga bila kuwasha taa. Hilo si umaridadi wa bure, kwani tanga halichagui saa ya kuchanika.

Ustadi mkubwa zaidi, hata hivyo, uko katikati ya chombo. Kabla ya gunia la kwanza kushuka, fito za mikoko hulazwa juu ya mataruma ili maji ya ngama yapite chini bila kugusa mzigo. Huachwa pia banduru, uwazi anaoshukia baharia na debe kufua maji. Kuiziba kwa tamaa ya magunia mawili zaidi ni kuikaribisha bahari ndani. Vizito hutangulia, vyepesi hufuata. Mzigo ukizidi omo, chombo huchimba mawimbi na usukani hugoma. Mali ya bandari ya mwisho ndiyo huingia kwanza. Ng'onda hutengwa na unga, kwa sababu zinazojulikana na kila mwenye pua. Shehena ikikosekana, mchanga au mawe hutiwa kuwa farumi, maana jahazi tupu halitulii majini.

Boriti za mikoko nazo zina kanuni zake. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alikuwa ndani ya jahazi la Kuwait lililoingia delta ya Rufiji kuzipakia, safari aliyoisimulia katika Sons of Sinbad. Boriti hupangwa kwa mkono, mojamoja, nyembamba zikiziba mapengo ya nene, mpaka zikapanda juu ya sitaha. Mkoko umekulia maji ya chumvi, hivyo hauiogopi ngama. Zilipofika Ghuba zilishushwa zikawa dari, na upana wa vyumba huko, kama ilivyokuwa Lamu na Unguja, ulifuata urefu wa boriti.