Valvu bodi haiponi kwa kuoshwa tu

Umeshaziona video za mafundi wakifungua valvu bodi ya gia boksi ya otomatiki? Sifa moja nawapa: wanakukumbusha kila gololi ilikaa wapi. Baada ya hapo wanaosha, wanafunga, gari hilo, limeondoka! Tundu la valvu halipimwi. Bodi ni ya alumini. Valvu ikienda na kurudi humo miaka yote hiyo, tundu linalika, oili inavuja ndani kwa ndani, presha inashuka, klachi zinateleza mpaka zinaungua. Hilo halioshwi kwa petroli. Kipimo cha vakyumu kinalionyesha bodi ikiwa bado mezani. Kwa hiyo fundi akikwambia "nimesafisha, iko poa", kabla hujalipa muulize: matundu umeyapimaje?