Ubora wa Robota Huanzia Shambani

Nyasi kavu nzuri ni zile zilizopoteza maji bila kupoteza majani. Kwa mfugaji wa Dandora, Kayole au Njiru jambo hili ni zito, kwa kuwa ng'ombe wake wa zizini hana malisho ya kwenda. Hula anacholetewa: nepia iliyokatwa kandokando ya mto, mabaki ya mboga za sokoni, na robota la nyasi lililofika kwa mkokoteni. Shamba lililotoa robota hilo mnunuzi hajaliona, wala hajui lilifungwa siku gani.

Nyasi zinazopendwa zaidi kwa kazi hii nchini Kenya ni boma rhodes. Hukatwa zinapoanza kuchanua maua. Zikiachwa hadi mbegu zikomae, marobota huwa mengi, lakini mabua hukakamaa na protini hushuka. Nyasi mbichi huwa na maji kama asilimia 75 hadi 80, na hazifai kufungwa kabla maji hayajashuka hadi karibu asilimia 15. Jua likiwaka vizuri, kazi hiyo huchukua siku mbili au tatu. Nyasi hutandazwa kwa tabaka jembamba na kugeuzwa ili upande wa chini nao upate hewa. Kuzigeuza zikiwa zimekauka mno hupukutisha majani, na virutubisho vingi vimo kwenye majani. Mvua ya siku moja huosha sukari na kuanzisha ukungu, ndiyo maana mkulima makini huangalia anga kabla ya kunoa panga.

Kipimo rahisi cha ukavu ni chumvi. Kiganja cha nyasi zilizokatwakatwa hutiwa kwenye chupa kavu yenye mfuniko pamoja na chumvi kavu kidogo, kisha chupa hutikiswa kwa dakika chache. Chumvi ikishikana mabonge, nyasi bado zina maji mengi. Ikibaki tifutifu, zinaweza kufungwa.

Mkulima asiye na mashine hufungia nyasi katika sanduku la mbao lililo wazi juu na chini, lenye urefu wa sentimita 85, upana wa 55 na kina cha 45. Nyasi zikishindiliwa vizuri, hutoka robota la kilo 20 hivi. Hapo ndipo unyevu unapogeuka kuwa suala la pesa. Robota la kilo 20 lenye maji asilimia 15 lina kilo 17 za chakula. Lenye asilimia 25 lina kilo 15 tu. Mteja wa robota la pili amenunua kilo mbili zaidi za maji, na ng'ombe wa kilo 400 anahitaji takriban kilo 12 za chakula kikavu kwa siku.

Robota lililofungwa likiwa bichi hupata joto katikati, kwa sababu vijidudu huendelea kulila ndani kwa ndani. Fimbo ya chuma ikichomekwa humo kwa dakika kumi na tano kisha ikachomolewa ikiwa haishikiki kwa joto, rundo la marobota lifumuliwe haraka kabla halijawaka moto. Nyasi zilizoungua hivyo huwa za kahawia na hunukia kama tumbaku. Ng'ombe huzila kwa hamu, lakini sehemu ya protini imekwisha kushikamana na sukari, na tumbo haliwezi kuitumia.

Mjini, ghala huweza kuharibu kilichotengenezwa vyema shambani. Marobota huwekwa juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta, chini ya mabati yasiyovuja. Karatasi ya plastiki inayoyafunika na kuyabana pande zote hunasa mvuke, na tabaka la juu huoza.

Mnunuzi hulipima robota kwa mzani, kisha hukata kamba na kulifungua katikati, maana ubavuni jua linaweza kupausha nyasi ambazo ndani bado ni nzima, na ukungu hujificha ndani. Rangi ya kijani, harufu tamu, majani mengi na mabua laini ni dalili njema. Vumbi jeupe linalopaa ni ukungu. Muuzaji aliyekausha vizuri hana sababu ya kukataa kamba ikatwe, na akikataa, mteja asinunue.