Tezi Inapotaka Kuipita Omo

Ukivuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani maji yakiwa yanakupwa, acha magofu kidogo umtazame nahodha. Omo, yaani pua ya chombo, kaielekeza kwenye magofu ya Makutani, lakini chombo kinakwenda kutua kwenye ngome ya Gereza. Mkondo unakivuta kuelekea bahari kuu, naye hesabu yake kaipiga tangu gatini. Kazi yake yote imo katika pembe ile, kati ya inakotazama omo na kinakokwenda chombo. Mgeni hudhani wamepotea njia.

Drifti ya gari ni pembe hiyo hiyo. Pua inatazama huku, gari linakwenda kule, na dereva ndiye aliyetaka iwe hivyo. Siku hizi vijana wanaliita jina hilo jambo lolote lenye moshi wa tairi na makelele. Kulizungusha gari papo hapo uwanjani ni mchezo mwingine. Na gari lililoserereka likaishia mtaroni, hata likienda upande kwa sekunde tatu nzima, limepata ajali tu.

Siri iko kwenye tairi. Mshiko wa tairi kwa barabara ni kama mfuko mmoja wa fedha: humo humo unalipia kukata kona, kufunga breki na kukanyaga mafuta. Ukitumia zote kwenye mafuta, za kona hupati. Tairi za nyuma zikifilisika kabla ya zile za mbele, tezi, yaani sehemu ya nyuma, inatoka nje ya kona na kutaka kuipita omo. Zikifilisika za mbele, gari linakataa kukata na linanyoosha moja kwa moja porini. Drifti ni kuzifilisi za nyuma kwa makusudi, kisha kuishi ndani ya deni hilo bila kuanguka.

Kiasi cha fedha mfukoni hutegemea ardhi. Chukua kona ambayo ukiikamilisha kuwa duara, nusu kipenyo chake ni mita 50. Kwenye lami kavu gari la kawaida huishika mpaka karibu kilomita 70 kwa saa. Kwenye tope la utelezi, kona ile ile inakutema ukifika 40. Ndiyo maana mashindano ya drifti ya lami yanataka injini yenye nguvu, wakati kwenye udongo uliolowa hata basi chakavu huenda upande bila kuombwa.

Namna za kuianzisha ni chache. Unaweza kuachia mafuta ghafla ukiwa ndani ya kona: uzito unakimbilia mbele, nyuma kunakuwa kwepesi. Unaweza kuvuta breki ya mkono, ambayo kwa kawaida hufunga magurudumu ya nyuma peke yake. Unaweza pia kukanyaga klachi na kuiachia kwa kishindo injini ikiwa inanguruma. Kuanzisha hakuna ufundi mkubwa. Ufundi uko kwenye kudaka. Katika kona ya kulia tezi inatoka kushoto, kwa hiyo usukani unakatwa kushoto, na mguu unabaki kwenye mafuta, ukipima kama anayetia chumvi. Anayeogopa na kuachia mafuta yote huumia zaidi: tairi za nyuma zinashika tena kwa mara moja wakati za mbele bado zinatazama kushoto, na gari linarushwa upande wa pili. Wengi hufia kwenye mrusho huo wa pili.

Wajapani ndio waliofanya jambo hili kuwa sanaa yenye majaji. Kunimitsu Takahashi alikuwa akiingia kona kwa upande katika mbio za miaka ya 1970. Keiichi Tsuchiya akalifanya somo katika barabara za milimani, na video yake ya 1987 ikalisambaza. Huko alama hutolewa kwa pembe, mstari na kasi, na saa haina kazi. Kwetu Afrika Mashariki saa ndiyo ilikuwa bwana. Joginder Singh aliposhinda Safari Rally mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, kwenda upande kulikuwa njia tu ya kuigeuza pua mapema kwenye vumbi na matope.

Ila darasa ninaloliheshimu kuliko yote ni kipande cha Ndundu hadi Somanga, kilomita 60 zilizokuwa za mwisho kusubiri lami kwenye njia ya Dar es Salaam kwenda Lindi. Daraja la Mkapa juu ya Rufiji lilifunguliwa 2003, lakini aliyelivuka masika bado alikuwa na tope la kupambana nalo, mpaka lami ilipokamilika muongo uliopita. Barabara ya udongo hutengenezwa na mgongo katikati ili maji yamwagike pembeni. Ikilowa, na gari nalo linamwagika pembeni. Dawa ni kuielekeza pua kwenye mgongo, mkia uning'inie chini kidogo, gia ya pili, mafuta yasiyopanda wala kushuka, breki usiiguse. Gari linakwenda kama kaa, pua inatazama mgongoni, safari inaendelea Kilwa. Mvuto wa mteremko umechukua nafasi ya mkondo, na hesabu ni ile ile ya nahodha wa Kisiwani. Hata neno ni moja: usukani ulikuwa wa chombo kabla haujawa wa gari.

Kinachonichekesha ni kwamba Toyota Mark II na Chaser, magari ambayo Japani yanasakwa na wapenda drifti, huku yamezoeleka kama magari ya familia. Yanasukumwa na magurudumu ya nyuma. Mwenye Mark II yenye tairi vipara, akiteremka vilima vya Matumbi kutoka Kipatimu kwenda Tingi baada ya manyunyu ya kwanza, ana zana zote za drifti isipokuwa mafunzo. Mwenye IST yuko salama kidogo, kwa sababu mbele ndiko kunakovuta: mkia ukitoka, mara nyingi mafuta kidogo yanamnyoosha.

Mwenye lori la tela hana bahati hiyo. Tela tupu linalotoka kushusha mzigo lina uzito mdogo mno juu ya tairi zake, na breki ikikamata likiwa kwenye kona iliyolowa, linaanza kukipita kichwa. Hapo kukata usukani kunakigeuza kichwa tu. Tezi ina kiungo chake na njia yake, na pembe ikishapanuka, dereva anaiona kwenye kioo cha pembeni ikimjia ubavuni.