Lebo Zilizochora Mstari wa Wallace

Alfred Russel Wallace anakumbukwa kwa makala aliyomtumia Charles Darwin mwaka 1858, yenye hoja ya uteuzi asilia. Kwangu, ufundi wake uko kwenye vikaratasi alivyoviambatisha kwa ndege na wadudu, kila kimoja kikitaja mahali kiumbe kilipopatikana.

Somo alilipata Amazon. Desemba 1852 aliwaambia wanasayansi wa London kwamba tumbili wa ukingo mmoja wa mto mkubwa si wale wa ukingo wa pili, ila makumbusho hayakuandika ukingo. Wawindaji wenyeji walilijua jambo hilo zamani. Wakimtaka mnyama fulani, walivuka mto.

Kati ya 1854 na 1862 alizunguka visiwa vya Malay akakusanya sampuli 125,660, zikiwemo mbawakawa 83,200. Nyingi ziliuzwa na wakala wake, Samuel Stevens, maana Wallace hakuwa na mali ya urithi. Lakini alijiwekea akiba ya kila spishi kutoka kila kisiwa. Wingi huo ulikuwa na kazi: huwezi kusema ndege fulani hayupo mahali mpaka uwe umemtafuta vya kutosha.

Mwaka 1856 alitaka kwenda Makassar, akakosa meli ya moja kwa moja, akapitia Bali na Lombok. (Bahati nayo ina sehemu yake katika sayansi.) Bali aliwakuta vigogota na zuwakulu, ndege wa Asia. Akavuka mlangobahari wa kilomita 35 hivi hadi Lombok, hakuwaona tena. Badala yao palijaa kasuku weupe wenye vishungi, jamaa za wale wa Australia. Hali ya hewa ni ileile, kwa hiyo haielezi tofauti hiyo. Wallace aliitafuta sababu kwenye kina cha bahari, na mwaka 1863 akachora mstari kwenye ramani. Tunajua sasa kwamba enzi za barafu bahari ilishuka mita 120 hivi, Bali ikaungana na Java, lakini mlango wa Lombok ni wa kina kirefu mno, haukukauka.

Tofauti na Wallace, Darwin mwenyewe, kule Galápagos, hakuandika visiwa kwenye lebo za shorewanda wake wengi.

Nisichokubali ni kumsifu Wallace peke yake. Ali, kijana wa Sarawak, ndiye aliyepiga na kuchuna ndege wengi wa mkusanyo ule. Hata ndege wa kisiwa cha Bacan aliyepewa jina la Wallace, Semioptera wallacii, alipigwa na Ali mwaka 1858.