Kuinukia Nani? Uhakiki wa Msamiati wa Madola Mapya

Mwaka 2001 mwanauchumi wa benki ya Goldman Sachs, Jim O'Neill, aliziunga herufi za mwanzo za majina ya Kiingereza ya Brazili, Urusi, Uhindi na China, akapata neno moja fupi la kuwaelekeza wenye mitaji wapi pa kutazama. Miaka minane baadaye wakuu wa nchi hizo nne walikutana Yekaterinburg wakilitumia jina lile lile lililotungwa benkini. Afrika Kusini ilipojiunga iliongeza herufi ya tano. Januari 2024 zikaingia Misri, Ethiopia, Iran na Falme za Kiarabu, na mwaka uliofuata Indonesia. Kiswahili hakikushirikishwa katika ubatizo huo. Watangazaji na waandishi wake wa habari, kwa kulazimika kuyaeleza mambo upesi, walishika kifungu "mataifa yanayoinukia kiuchumi". Wengine wakapendelea "nchi zinazoibukia". Vifungu hivyo vimekaririwa hata vimekuwa kana kwamba havina mtungaji. Lakini kila istilahi ni utungo mfupi: ina msemaji, ina mahali anaposimama msemaji huyo, na yaweza kuhakikiwa kama shairi linavyohakikiwa.

Vitenzi hivyo viwili havisemi jambo moja. Anayeinuka alikuwa amekaa au amelala, na jitihada ni yake mwenyewe. Anayeibuka alikuwa chini ya maji. Kiboko huibuka, na mshangao ni wa mtazamaji aliyeko ufukoni, kwa kuwa mnyama alikuwapo muda wote ila hakuonekana. Sasa, je, ni nani aliyekuwa haioni Uhindi? Si mtu wa pwani ya Afrika ya Mashariki, ambaye babu zake walifanya biashara na Gujarat kabla Mreno hajafika. Neno bepari lenyewe ni ushahidi, maana asili yake ni mfanyabiashara wa Kihindi. Merikebu za Zheng He nazo zilifika katika pwani hiyo katika karne ya 15. Kwa hiyo msemaji wa "nchi zinazoibukia" amesimama ufuko mwingine kabisa, ule wa London na New York, naye Mswahili amelikopa jicho lake pamoja na neno lake.

Lililo zito zaidi ni kauli ya kutendea. Kuinukia kwaweza kumaanisha kuanza kuinuka, na bila shaka ndivyo wanavyokusudia wenye kulitumia neno hilo. Hata hivyo kauli hiyo huacha mlango wazi kwa yambwa: mtu humwinukia mwenzake, ama kwa heshima ama kwa ugomvi; mgeni asiyetazamiwa huwaibukia wenyeji. Kuinukia nani, basi? Kuibukia wapi? Kielezi "kiuchumi" kimewekwa pale penye yambwa, nacho kimeufunga mlango huo kimyakimya. Msomaji huambiwa ni katika fani gani taifa hilo linainuka, wala haambiwi linainuka mbele ya nani, au limemkanyaga nani ili lipate kusimama.

Msamiati wa miaka ya 1960 na 1970 ulikuwa na tabia nyingine. Beberu ni mbuzi dume, na jina hilo lilipopewa dola linalotawala wengine, kila mfugaji alielewa bila kamusi. Bepari, kabaila, kibaraka, kupe: yote hayo ni majina ya uhusiano. Hakuna kibaraka asiye na bwana, wala kupe asiye na mnyama wa kumnyonya. Hata "siasa ya kutofungamana na upande wowote", kifungu kirefu kinachomchosha msemaji, kilitaja kamba, maana kufungamana ni kufungwa pamoja. Kongo, iliyokuwa miongoni mwa nchi 25 zilizokutana Belgrade mwaka 1961, ilikuwa imekwisha kuonja mwaka mmoja kabla jinsi kamba hizo zinavyovutwa kutoka pande mbili. Baadaye lilitawala jina la "nchi zinazoendelea" (wasikilizaji wakorofi huuliza: zinaendelea na nini?), na kuanzia hapo lugha ya siasa ya dunia imekuwa lugha ya mwendo. Wote wako safarini, wengine mbele, wengine nyuma, na njia haina mwenyewe.

Haifai hata hivyo kuusifu msamiati wa zamani kupita kiasi. Kasoro yake ilikuwa kwamba beberu alitazamiwa daima kutoka ng'ambo. Majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana siku sita ndani ya mji wa Kisangani, Juni 2000, mji usiokuwa wa mmoja wao, neno hilo halikuwa na la kusema. Si nchi za ng'ambo hizo, wala wakati ule hakuna aliyeziita zinazoinukia. Neno lililobaki mkononi ni jirani, na jirani katika Kiswahili ni mtu wa kuombwa moto na chumvi. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile. Mwaka huo huo Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki, na jirani akawa "nchi mwanachama". Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamekwisha kuandika katika ripoti zao kwamba Rwanda inaliunga mkono kundi hilo, jambo ambalo Kigali hulikana. Msamiati wa jumuiya hauna jina la mwanachama anayetuhumiwa na mwanachama mwenzake kwa vita. Una neno "mgogoro", ambalo nalo halina mtenda.

Kiswahili cha Kongo kilikuwa na njia yake. Bula Matari, mvunja mawe, ni jina la Kikongo alilopewa Stanley, kisha likaivaa serikali nzima. Nalo neno Leta, lililotokana na neno la Kifaransa la dola, lingali likitumika vinywani mwa watu. Majina hayo hayakutungwa na mtazamaji wa ufukoni bali na mtu aliyeubeba mzigo. Dola lilitajwa kwa kile lilichokitenda juu ya mwamba na juu ya mgongo. Maandishi ya André Yav juu ya mji wa Elisabethville, aliyoyaandika mwaka 1965 kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, na ambayo Johannes Fabian aliyachapisha mwaka 1990, yana ubora huo huo: mamlaka yanaonekana kutoka jikoni na uani, yaani kutoka mahali ambapo mtu anamjua bwana wake kuliko bwana anavyomjua yeye. Ajabu ni kwamba utajiri huo haujaingia hata kidogo katika Kiswahili kinachoandikwa juu ya China katika Katanga.

Badala yake limeingia neno "kufaidiana". Mkataba wa Sicomines wa mwaka 2008 uliwapa washirika wa Kichina asilimia 68 ya hisa na Gécamines asilimia 32, madini yakilipia barabara na majengo. Ulipojadiliwa upya mwaka 2024, fedha za miundombinu zilipandishwa kutoka dola bilioni 3 hadi bilioni 7, na mgawanyo wa hisa ukabaki vile vile. Iwapo mapatano hayo ni mema au mabaya ni kazi ya wanauchumi. La mhakiki ni kiambishi -an-. Kauli ya kutendana yataka kila upande uwe mtenda na mtendwa kwa tendo moja: waliopigana wote wamepiga, walioandikiana wote wameandika. Mwenye kusema nchi mbili zinafaidiana amekwisha kuzisawazisha kwa sarufi kabla ya kuzihesabu hisa. Kushirikiana, kuheshimiana, kusaidiana hutenda vivyo hivyo katika kila tamko la mwisho wa mkutano. Kinyume chake ni ile methali ya tembo na nyasi, ambamo tembo wana kauli ya kutendana na nyasi zimepewa kitenzi kimoja tu, kuumia. Methali hiyo, kwa ukali wake wote, inasema wazi kwamba wahusika si wawili bali ni watatu.

Nyerere alilijua jambo hili. Kundi la nchi 77 lilipokutana Arusha Februari 1979, alizifananisha nchi maskini na wafanyakazi wanaohitaji chama chao. Mfano huo una upungufu, kwa sababu baadhi ya wanachama walikuwa matajiri kwao na waonevu. Lakini chama kina ada, kina mgomo, na zaidi ya yote kina mwajiri anayekabiliwa. Orodha ya benki haina lolote kati ya hayo. Nchi yaingia kwa ukubwa wake, na kutoka kwake hakuhitaji usaliti.

Pengo la msamiati limedhihirika zaidi mwaka 2025. Tarehe 27 Juni mawaziri wa Kongo na Rwanda walitia saini mapatano mjini Washington. Tarehe 19 Julai, mjini Doha, serikali ya Kongo na M23 walitia saini tamko la kanuni. Qatar, dola dogo la Ghuba ambalo zamani halikuwa na sauti katika mambo ya Maziwa Makuu, limekuwa mwenyeji wa mazungumzo hayo. Habari za Kiswahili ziliwaita wote wawili, Marekani na Qatar, "mpatanishi". Sasa, Kiswahili kina ngazi nzima katika kazi hii. Mpatanishi huwafanya wawili wapatane naye akaondoka. Msuluhishi hutafuta suluhu na aweza kuamua. Mshenga hutumwa na upande mmoja. Mdhamini hubeba lawama mapatano yakivunjika. Dalali hukutanisha mwenye mali na mnunuzi, na ana chake katika bei. Udalali si aibu, ni kazi inayojulikana na yenye ujira unaotajwa mapema. Mapatano ya Washington yanakwenda sambamba na mpango wa ushirikiano wa kiuchumi unaogusa madini. Mwandishi anayeijua ngazi hiyo angalau angejiuliza ni daraja gani la kuiandikia Marekani, na kama Qatar inastahili daraja lile lile.

Swali hilo si la mapambo. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika tangu 2019, na lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022. Nyaraka za amani ya Kivu zitazidi kuandikwa au kufasiriwa kwa Kiswahili, na watakaozisoma Uvira, Goma na Bukavu ni watu wanaoijua lugha hiyo tangu utotoni. Watafsiri watakapofika kwenye sentensi isemayo kwamba pande husika zitafaidiana na madini, wanayo kauli nyingine ya kuchagua, ile ya kutenda, inayomtaka kila mmoja atajwe kwa jina: nani atachimba, nani atauza, nani atalipwa, na shimo litabaki kwenye shamba la nani.