Mikaratusi Juu ya Mto Karura

Kila aliyeifuata njia ya mto Karura mpaka kwenye maporomoko na mapango ya Mau Mau anaujua wepesi wake, kwamba hata mzee mwenye mkongojo huimaliza, akisikia maji na mbega ilhali yu ndani ya jiji la Nairobi. Njia imechongwa vyema, na uzio wa umeme umeleta amani. Lakini juu ya bonde hili lipo kosa ambalo watu hupita chini yake wakisifu urefu wa mashina, nalo ni uamuzi wa serikali ya kikoloni wa kuuondoa msitu wa asili na kupanda mikaratusi ili garimoshi zipate kuni.

Msitu huu wa Karura, uliohifadhiwa kisheria mwaka 1932 na wenye takriban hektari 1,041, sehemu yake kubwa ni miti iliyopandwa. Miti ya asili kama muhugu na muthiga hukua polepole, na mwenye tanuri la kulisha hana subira nayo. Hesabu hiyo naielewa, ila ilikuwa hesabu ya kuni peke yake. Mkaratusi hukua upesi kwa kuwa hunywa sana, na ukiwa kwenye mteremko hunywa kabla mto haujapata fungu lake. Majani yake huoza kwa taabu, na chini yake aghalabu huota machache, ilhali penye miti ya asili mtu hukuta tabaka juu ya tabaka, na udongo mweusi uliojaa unyevu. Garimoshi ziliacha kuni zamani, mti ukabaki, maana ukikatwa huchipua tena kisikini.

Wala pasiwe na wa kudai kwamba enzi ile hapakuwa na mwenye busara. Mwaka 1922, Richard St. Barbe Baker, ofisa wa misitu wa serikali hiyo hiyo, alishirikiana na Chifu Josiah Njonjo kuanzisha chama cha Watu wa Miti, ili msitu ulioteketea urudishwe. Na marehemu Wangari Maathai, aliyejeruhiwa kichwani Januari 1999 kwa kwenda kupanda mche katika Karura hii, iliyokuwa ikigawiwa wajenzi, alisimulia katika kumbukumbu zake jinsi mti wa mugumo wa kwao ulivyokatwa na kijito kikakauka. Hao waliuliza mti gani, na mahali gani. Sisi twahesabu miche tu: leo twaahidiwa na serikali bilioni 15 ifikapo 2032, na wanaouliza ni ya miti ipi ni wachache.

Kuiondoa miti ya kigeni kidogo kidogo kumeanza, na ni kazi njema. Basi mikaratusi iliyo karibu na maji itangulie, visiki vibanduliwe magome visichipue, na miche ya muhugu iwe tayari kitaluni kabla shoka halijainuliwa, kwani mteremko ulioachwa wazi msimu mmoja wa masika humwaga udongo wake wote mtoni.